Darubini kwanza, bunduki baadaye: Jinsi mwindaji anavyomtambua mnyama kabla ya kufyatua risasi

Novemba 15, 1988, katika mji mdogo wa Hermon, jimbo la Maine nchini Marekani, mama wa mapacha wadogo alipigwa risasi na kufariki dunia karibu na nyumba yake mwenyewe. Aliyempiga hakuwa jambazi. Alikuwa mwindaji wa kulungu, ameshika bunduki yenye darubini ya kulengea.

Mama huyo alikuwa amevaa glavu nyeupe. Kulungu wa huko wana mkia ambao chini yake ni mweupe pee, na wakishtuka huunyanyua juu. Mwindaji alisisitiza kwamba alichokiona ni kulungu. Mwaka 1990 baraza la mahakama lilimwona hana hatia, na kesi hiyo ikaigawa Maine nzima.

Mwaka uliofuata jimbo hilo likapitisha sheria ya utambuzi wa shabaha. Inasema mwindaji haruhusiwi kufyatua risasi mpaka awe na uhakika kwamba anachokilenga ni mnyama anayemtafuta. Kusikia majani yakichakarika hakutoshi. Anapaswa kuona kichwa na kiwiliwili, bila vichaka kuziba.

Kisheria hilo ni rahisi kuandika. Porini ni kazi, na chombo cha kuifanya kazi hiyo ni darubini ya mikononi, ile ya macho mawili inayovaliwa shingoni.

Kwa nini isiwe darubini ya bunduki?

Hili ndilo swali wanaoanza uwindaji huliuliza sana. Bunduki tayari ina lenzi juu yake, sasa kubeba darubini nyingine ya nini?

Jibu la kwanza ni la usalama. Darubini ya bunduki hutazama kule mtutu unakoelekea. Anayeitumia "kuangalia tu kile ni nini" tayari ameelekeza silaha yenye risasi kwenye kitu asichokijua. Kikigeuka kuwa mchunga ng'ombe au mwenzake aliyezunguka kichaka, basi kwa sekunde kadhaa kulikuwa na bunduki usoni kwa mtu. Kujikwaa kidogo tu, au kidole kuteleza kwenye triga, yanakuwa mengine.

Jibu la pili ni upana wa picha. Darubini ya mikononi inayokuza mara 10 huonyesha eneo la upana wa mita 11 hivi kwa umbali wa mita 100. Darubini ya bunduki ya kawaida ikiwekwa mara 9 huonyesha mita 4 tu au zaidi kidogo. Ndani ya mita 4 mnyama anaonekana, lakini ndama aliyesimama pembeni yake haonekani, wala baiskeli iliyoegemezwa mtini hatua chache kulia.

La tatu ni la akili zaidi ya macho. Mtu aliyetembea tangu alfajiri akitafuta nyati ana njaa ya kuona nyati. Akishanyanyua bunduki, ameshaamua nusu ya jambo, na ubongo hujaza sehemu zilizokosekana: tawi linakuwa pembe, kivuli kinakuwa mgongo. Darubini ya mikononi humchelewesha. Kiukweli kuchelewa huko ndiko kunakotafutwa.

Wawindaji wengine hudai kwamba kubadilisha kutoka darubini kwenda bunduki kunawapotezea muda na mnyama anakimbia. Ni kweli, wakati mwingine anakimbia. Mnyama aliyekimbia yuko hai, na kesho yupo.

Tanzania: kosa la sekunde moja, kesi ya miaka

Afrika Mashariki, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania bado inauruhusu kwa leseni, uwe wa kitalii au wa wenyeji, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni hutaja aina ya mnyama na idadi. Aliyepewa kibali cha swala pala hana ruhusa ya kupiga kuro kwa sababu tu walikuwa wamesimama pamoja. Sheria pia inakataza kuwinda wanyama wachanga na majike wenye mimba. Twiga, alama ya taifa, haguswi.

Kwa hiyo swali la mwindaji wa Tanzania ni refu kuliko "je, ni mnyama au ni mtu?" Anatakiwa kujua ni mnyama gani, dume au jike, mkubwa au mdogo. Hapo ndipo wanaofanana wanapoleta balaa.

Chukua swala tomi na swala granti. Wengi wamekariri kwamba mwenye mstari mweusi ubavuni ni tomi. Shida ni kwamba baadhi ya granti, hasa majike na wadogo, nao wana mstari mweusi ubavuni. Alama ya kuaminika iko nyuma: kwa granti, weupe wa makalioni hupanda na kupita juu ya mkia, kwa tomi huishia chini ya mkia. Kwa macho matupu mita 200 mbali, hakuna anayeliona hilo kwa uhakika. Kwa darubini linaonekana vizuri, mradi mtazamaji asubiri mnyama ageuke.

Jozi nyingine ni palahala na korongo, ambao kwenye miombo wanaweza kukutwa eneo moja. Dume la palahala lililokomaa ni jeusi na halimchanganyi mtu. Tatizo ni jike la palahala, ambalo ni la kahawia, na korongo naye yuko kwenye rangi hizohizo. Wote wana pembe zilizopinda kwenda nyuma, wote wana uso wa mabaka meusi na meupe. Cha kutazama ni masikio. Ya korongo ni marefu kama ya punda, yenye vishungi vya nywele kwenye ncha. Palahala ana masikio mafupi zaidi na tumbo jeupe linaloachana wazi na rangi ya ubavu.

Pembe pekee hazitoshi kutambua jinsia. Kwa swala pala, kuro na tandala mkubwa, mwenye pembe ni dume, basi. Lakini kwa pofu, choroa, kongoni na nyumbu, jike naye anazo. Jike la pofu mara nyingi lina pembe ndefu na nyembamba kuliko za dume, kwa hiyo anayefuata "pembe ndefu" anaweza kuangusha jike. Dume la pofu hutambulika kwa shingo nene, ngozi inayoning'inia kooni na kishungi cha nywele nyeusi kwenye paji la uso.

Nyati ana somo lake. Jike na dume wote wana pembe, ila kwa dume lililokomaa mizizi ya pembe imepanuka, ikakutana na kuwa ngumu kama kofia ya chuma juu ya kichwa. Kwa dume changa sehemu hiyo bado ni laini na ina nywele katikati. Kundi likiwa limejificha kwenye nyasi na vumbi, wawindaji bingwa wanaweza kukaa na darubini muda mrefu wakisubiri kichwa kimoja kiinuke.

Na simba ndiye mgumu kuliko wote. Kanuni za uwindaji wa kitalii Tanzania zinataka simba anayewindwa awe dume la umri wa miaka 6 na kuendelea. Umri wa simba hausomeki kwa kupepesa jicho. Inabidi kutazama ukubwa wa manyoya ya shingoni, makovu, na rangi ya pua, ambayo kwa simba mdogo ni ya waridi na huzidi kuwa na weusi kadiri anavyokua. Kuona weusi wa pua ya simba aliyelala kivulini, bila lenzi nzuri, ni kubahatisha.

Namba kwenye darubini zinasema nini

Kila darubini ina namba mbili, mfano 8x42 au 10x42. Ya kwanza ni ukuzaji. Mnyama aliye mita 300 akitazamwa kwa darubini ya mara 10 huonekana kana kwamba yuko mita 30. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa dirisha la kuingiza mwanga.

Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaolifikia jicho. Kwa 8x42 ni milimita 5.25, kwa 10x42 ni 4.2, kwa kile kidogo cha mfukoni cha 10x25 ni 2.5 tu. Mchana tofauti haionekani sana. Alfajiri na jioni, wakati mboni ya jicho imepanuka na wanyama wengi ndiyo wanatembea, 10x25 huonyesha giza wakati 8x42 bado inaonyesha rangi ya ubavu.

Ukuzaji mkubwa una gharama yake. Mkono ukitetemeka, mtetemo nao unakuzwa mara 10 au mara 12. Jua la mchana likipandisha mvuke wa joto kutoka ardhini, lenzi kali hukuza na mawimbi hayo, na mnyama anaonekana kama yuko chini ya maji. Kwenye miombo na vichaka, mara 8 inatosha wengi. Kwenye mbuga za wazi, mara 10. Zile za bei chee zinazojitangaza mtandaoni eti zinakuza mara 100, ni za kuziacha hukohuko.

Kuirekebisha ili ione

Darubini nyingi nzuri huonekana mbovu kwa sababu mwenyewe hajawahi kuirekebisha. Kwanza mikono miwili ya darubini hukunjwa au kupanuliwa mpaka picha ziungane kuwa duara moja. Kisha lenzi ya mbele ya kulia hufunikwa kwa kiganja, na gurudumu la katikati huzungushwa mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Baada ya hapo hufunikwa ya kushoto, na pete iliyo kwenye upande wa kulia huzungushwa kwa ajili ya jicho la kulia. Pete hiyo haiguswi tena. Ni gurudumu la katikati tu linalotumika siku nzima. Mwenye miwani hushusha vikombe vya machoni ili asipoteze upana wa picha.

Kutazama nako kuna utaratibu. Macho matupu hutangulia, maana ndiyo hodari kukamata kitu kinachotembea. Likipatikana eneo, mtazamaji hukazia macho palepale na kuinua darubini mpaka usoni bila kuinamisha kichwa. Anayeangalia chini kuitafuta darubini hupoteza mnyama. Viwiko huegemezwa kwenye magoti, kwenye shina la mti, au kwenye fimbo za kuegemezea bunduki. Kisha hupekua polepole kutoka karibu kwenda mbali, akisimama kila kipande.

Anatafuta vipande, kwa sababu mnyama mzima hujitokeza mara chache. Mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama. Sikio linalopunga nzi. Ncha ya pembe. Halafu anatafuta na dalili za watu: rangi ya kitambaa, moshi, mng'ao wa panga au bati, mbwa, ng'ombe. Warina asali, wakata kuni na wachungaji huingia maporini, wakati mwingine bila kibali na wakijificha makusudi wakisikia gari. Mtu aliyechuchumaa nyuma ya kichaka ana umbo ambalo macho yaliyochoka yanaweza kuliita ngiri.

Nyuma ya mnyama kuna nini?

Hata baada ya mnyama kujulikana jina, jinsia na umri, darubini bado haijashuka. Risasi ya bunduki kubwa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 ikikosa shabaha, na risasi ngumu ya nyati inaweza kupita mwilini na kumjeruhi aliye nyuma yake. Mnyama aliyesimama juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, ni picha nzuri na shabaha mbaya, kwa kuwa hakuna anayejua upande wa pili kuna nini. Mwenye mteremko au tuta la udongo nyuma ni salama zaidi.

Wenzake nao lazima wahesabiwe kabla bunduki haijanyanyuliwa. Msoma nyayo yuko wapi? Askari wanyamapori je? Mmoja asipoonekana, bunduki hukaa begani mpaka aonekane.

Ikibaki shaka yoyote, darubini hupewa mtu wa pili bila kumwambia jibu. Anaulizwa tu, "Unaona nini pale?" Ukimwambia "tazama lile dume," ataona dume. Wawili wakitofautiana, hakuna risasi.

Jua likishazama, rangi hufa kwanza, kisha mipaka ya maumbo. Kuwinda gizani ni marufuku Tanzania, lakini darubini hutoa taarifa mapema kuliko saa: pale ambapo masikio ya korongo hayatofautiki tena na ya palahala, ni muda wa kurudi kwenye gari. Huko lenzi hupulizwa vumbi kwanza ndipo zifutwe kwa kitambaa laini, kwani kufuta vumbi likiwa kavu ni kuzikwaruza, na lenzi iliyokwaruzwa hutawanya mwanga wa alfajiri ya kesho.