Ndoto Isiyoulizwa Swali

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwahutubia askari wa kambi ya Tororo, mji usio mbali na Mbale. Alidai kwamba Mungu alimwagiza ndotoni awafukuze Waasia wenye pasipoti za Uingereza. Walipewa siku 90.

Litafakari neno hilo, ndoto. Sheria hujadiliwa bungeni, na amri ya serikali hupingwa mahakamani. Ndoto haina shahidi ila mwotaji mwenyewe. Anayeihoji huambiwa kuwa anabishana na Mungu. Ndivyo uamuzi wa kisiasa ulivyovikwa vazi la ibada.

Mahali pengine pa kuuliza palikuwa pamefungwa pia. Bunge lilikwisha kuvunjwa mwaka 1971. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, wala hakuonekana tena akiwa hai.

Ukipita Barabara Kuu ya Jinja, inua macho. Juu ya maduka ya zamani bado yamechongwa majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi. Wenyewe waliondoka wakiacha karibu kila kitu. Kakira, kiwanda cha sukari cha ukoo wa Madhvani kilicho karibu na mji huo, kilitwaliwa. Uzalishaji ukaporomoka na sukari ikawa adimu. Maduka waligawiwa wanajeshi na wapambe wao, ambao wananchi waliwaita "mafuta mingi". Sarufi sanifu ingedai "mafuta mengi", lakini jina hilo linatuambia wazi ni nani aliyenufaika na ndoto ile.

Usidhani kwamba dini fulani ilikuwa ikitetewa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Wahindu, Waismailia ambao ni Waislamu, na Wakristo wenye asili ya Goa. Imani ya mtu haikumwokoa.

Huko Mbale palikuwa na Abayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 Semei Kakungulu alipoikubali dini ya Kiyahudi. Amin aliipiga marufuku dini hiyo. Wengi waliiacha, wachache walisali kwa siri hadi utawala huo ulipoanguka Aprili 1979. Aliyedai kusikia sauti ya Mungu aliwanyima wengine haki ya kumwomba Mungu huyo kwa njia yao.

Hata hivyo, imani hiyohiyo iliwapa wengine ujasiri wa kusema. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Waliandika waziwazi, wakataja maovu yenyewe, na hoja zao zingeweza kujibiwa kwa hoja. Jibu lilikuwa kifo. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo, na serikali ikadai kuwa ni ajali ya gari.

Basi, raia mwenzangu, kiongozi akikuambia kuwa ametumwa na Mungu, iwe ni katika siasa, katika nyumba ya ibada au shuleni, muulize maswali matatu. Nani atanufaika? Nani ataumia? Je, unaruhusu kuulizwa? Akikasirishwa na swali la tatu, umekwisha kupata jibu la yale mawili ya kwanza.