Kasha, Kitanda na Mnada: Vyombo vya Kale katika Nyumba za Pwani

Methali isemayo, "Usiache mbachao kwa msala upitao," hutajwa mara nyingi katika mambo ya urafiki na ndoa. Lakini mbacha ni mkeka mkuukuu, na makazi ya methali hiyo ni nyumbani, miongoni mwa vyombo. Historia ya mapambo ya nyumba katika miji ya pwani yaonyesha kwamba wenyeji waliishika kwa mikono kama walivyoitamka kwa midomo.

Nyumba ya mawe ya Lamu katika karne ya 18 ilikuwa na vyumba virefu lakini vyembamba. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Vyombo vingi vingekuwa kero mahali kama hapo. Kwa hiyo uzuri ulihamishiwa ukutani: fundi alifanya vidaka vya chokaa, safu juu ya safu, na mwenye nyumba akavipamba kwa sahani na mabakuli ya China. Sakafuni palibaki vitu vichache: kitanda, kasha, kiti na mkeka. Uchache huo ulivitaka vidumu.

Makasha mengi yalikuja kwa majahazi, pamoja na pepo za kaskazi, kutoka bandari za Bara Hindi kama vile Surat na Bombay. Sayyida Salme binti Said wa Unguja, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, aliyasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886: makasha yaliyopambwa kwa misumari mingi ya shaba ya manjano, yenye mahali pa siri pa kuwekea fedha na vito, na vitanda vya Kihindi vilivyoinuka hata mtu aliweza kulala uvunguni.

Hayo yalikuwa mapambo ya majumba ya wakubwa. Mtu wa kipato kidogo aliyapataje? Mlango mmoja ulikuwa sheria ya mirathi. Katika Uislamu mtoto wa kiume hupewa mafungu mawili na wa kike fungu moja, na wako warithi wengine wenye mafungu yao. Kasha haligawanyiki kwa msumeno. Warithi wasipoafikiana mmoja wao alichukue na kuwafidia wenzake, hapana budi liuzwe, zigawanywe fedha. Hapo dalali huingia kazini, na chombo kilichokaa ghorofani huteremka mnadani. Kikiwa kizima, tajiri hukipandia bei. Kikiwa kimevunjika, maskini hupata nafasi yake.

Nafasi hiyo isingalifaa kitu pasipo fundi. Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, vyote vikichomekana mti kwa mti. Tendegu likiliwa na mchwa, hutolewa hilo peke yake na kuchongwa jingine. Kamba zikilegea, kitanda huwambwa upya. Fundi alitoboa kwa keke, akalainisha kwa msasa, ambao kabla ya kuwa karatasi ya dukani ulikuwa jani kavu la mti wenye jina hilohilo. Shaba ya kasha ilisuguliwa kwa ndimu au ukwaju mpaka ikang'aa. Gharama kubwa ilikuwa jasho.

Vidaka navyo vilipata wageni wapya. Katika karne ya 19 viwanda vya Maastricht, Uholanzi, kama kile cha Petrus Regout, viliuza pwani mabakuli ya rangi yaliyopigwa chapa. Yalikuwa rahisi kuliko ya China, nayo yakakaa palepale pa heshima.

Hata hivyo, urahisi wa mnunuzi mara nyingi ni dhiki ya muuzaji. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba yaliyolisha majumba ya mabwana yalipungukiwa na mikono, na vyombo vya baadhi ya koo vikauzwa ili watu wapate riziki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wakazi wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, na wengine wakaingia katika nyumba zao. Ni haki kuwahurumia waliopoteza. Ni haki vilevile kukumbuka kwamba utajiri ulionunua makasha hayo ulitoka, kwa sehemu kubwa, katika kazi ya watu waliokuwa wenyewe wakinunuliwa na kuuzwa. Mjukuu wa mtumwa aliyeweka kasha kuukuu chumbani mwake hakuwa akiiga ubwana tu. Alikuwa akipokea, kwa kuchelewa, sehemu ya jasho la wazee wake.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Tangu hapo thamani ya vyombo vya kale imejulikana mbali, na wenye fedha za kigeni wamekuwa washindani wakubwa wa kijana anayeanza maisha. Makumbusho huhifadhi vilivyo bora, lakini kiti cha makumbusho hakikaliwi. Kinachokaliwa huhitaji fundi, na fundi huhitaji kufundishwa. Msumari wa chuma upigwapo penye kiungo cha mti hula kutu kwa hewa ya bahari, ukapasua ubao uliodumu karne nzima. Kosa dogo la asiyejua huharibu kazi ya vizazi. Basi anayenunua kitanda kibovu akampa fundi akitengeneze kwa njia yake ya asili hapambi chumba chake tu. Anamlipa mwalimu wa mwisho wa ufundi huo, na mwanafunzi aliyesimama kando yake na patasi anajifunza.