Don Bosco wa Lubumbashi: mtakatifu ambaye hakuwahi kufika

Novemba 1911 mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulikuwa bado mchanga. Reli ya kutoka Rodesia ilikuwa imeufikia Septemba ya mwaka uliotangulia, na kampuni ya Union Minière ndiyo kwanza imeanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Katika mji huo wa mabati na vumbi waliingia Wasalesiani sita kutoka Ubelgiji, wakiongozwa na padri Joseph Sak. Mwanzilishi wa shirika lao, Giovanni Bosco wa Torino, alikuwa amefariki miaka 23 nyuma, na Afrika hakuwahi kuikanyaga.

Leo mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa Don Bosco ni nani. Kinachosahaulika ni kwamba wale sita hawakuletwa kwa ajili ya watoto aliowatolea maisha yake. Serikali ya Ubelgiji, iliyotawala Kongo, iliwataka wafungue shule ya watoto wa Wazungu. Ili kuona umbali uliokuwapo kati ya kazi hiyo na nia ya mwanzilishi, hatuna budi kurudi Italia.

Giovanni alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, Castelnuovo, kwenye nyumba ya wakulima maskini. Hakuwa hata ametimiza miaka miwili baba yake alipofariki. Mama yake, Margherita Occhiena, alibaki na watoto, mkwe mgonjwa na mashamba yasiyotosha. Kaka yake Giovanni kwa baba, Antonio, hakutaka kusikia habari za kitabu. Kwake yeye mkono wa mtoto ulikuwa wa kushika jembe. Ugomvi ulipozidi, mama alimtoa Giovanni nyumbani akaishi kwa watu wengine kama kibarua. Alipofanikiwa kwenda shule, alijilipia karo kwa kushona nguo, kufanya kazi kwenye mgahawa na kushika nyundo ya mhunzi. Siku za mapumziko alitembea juu ya kamba na kufanya viinimacho mbele ya watoto wenzake, na kiingilio kilikuwa sala. Nadhani kipindi hicho kilimfundisha zaidi ya seminari.

Alipewa upadri tarehe 5 Juni 1841, akatumwa Torino. Viwanda vilikuwa vinaanza huko, na vijana waliteremka kutoka milimani kutafuta kazi ya kubeba matofali na kuchanganya chokaa. Wengi hawakuwa na ndugu mjini. Padri Giuseppe Cafasso, mwalimu wake, alimchukua kutembelea magereza, na humo akakuta wavulana wadogo wamefungwa pamoja na majambazi. Wakitoka, baada ya muda mfupi walirudi tena. Hapo ndipo alipopata swali lake: je, hawa wangerudi tena gerezani kama wangekuwa na mtu mmoja nje anayewajali?

Tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mtunza sakristia alikuwa anamcharaza kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, kwa sababu hakujua kutumikia misa. Don Bosco alimwita yule kijana. Hakujua kusoma, hakujua kuandika, wala kuimba. Padri akamuuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akacheka. Wasalesiani huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa yote.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kufukuzwa huku na huko, maana nani anataka mamia ya vijana wenye kelele mbele ya nyumba yake? Inasimuliwa kwamba mapadri wenzake walimdhania amerukwa na akili, wakaleta gari la farasi kumpeleka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliwaachia watangulie kupanda, akafunga mlango kwa nje, akamwamuru mwendeshaji aondoke nao mbio. Pasaka ya tarehe 12 Aprili 1846 ndipo walipopata mahali pao: banda la bwana Pinardi, huko Valdocco. Lilikuwa fupi kiasi kwamba askofu mkuu alipokuja kutoa kipaimara kofia yake ya kiaskofu iligusa dari.

Mwaka uleule mama Margherita, akiwa na miaka 58, aliacha nyumba yake kijijini akaja kuwapikia na kuwafulia wavulana wasio wake. Alitoa hata nguo yake ya harusi igeuzwe kuwa mapambo ya altare. Alifanya kazi hiyo miaka kumi, hadi kufa kwake mwaka 1856.

Kuna karatasi moja ya Februari 1852 ambayo kwangu mimi inamweleza Don Bosco kuliko ndoto zake zote mashuhuri. Ni mkataba wa uanagenzi kati ya seremala Giuseppe Bertolino na kijana Giuseppe Odasso, naye Don Bosco ametia saini. Fundi anaahidi kumfundisha kijana ufundi wenyewe, asimgeuze mtumishi wa nyumbani. Atamwonya kwa maneno, kamwe si kwa kipigo. Jumapili na sikukuu ni za mapumziko, na kwa mwaka kuna likizo ya siku 15. Ujira umeandikwa, nao unapanda kadiri kijana anavyopata ujuzi. Zama zile mwanagenzi alikuwa punda wa fundi wake. Kuanzia mwaka 1853 Don Bosco alifungua karakana zake mwenyewe: viatu na ushonaji, kisha ujalidi wa vitabu, useremala, uchapaji, uhunzi.

Shirika lilizaliwa tarehe 18 Desemba 1859, watu 18 wakiwa chumbani kwake, wengi wao vijana aliowalea mwenyewe. Alilipa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu aliyesifika kwa upole, na Roma iliidhinisha katiba yake mwaka 1874. Miaka miwili kabla ya hapo, pamoja na Maria Mazzarello, alikuwa ameanzisha shirika la masista. Wamisionari wa kwanza waliondoka mwaka 1875 kwenda Argentina. Tarehe 8 Desemba 1887, akiwa amechoka kabisa, alikubali ombi la askofu wa Liège la kufungua nyumba Ubelgiji. Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Tawi hilo la Ubelgiji, ambalo ni kama wosia wake, ndilo lililotuletea padri Sak.

Mwaka 1912 Wasalesiani wa Elisabethville walikuwa na shule mbili: moja ya wavulana wa Kizungu, nyingine ya ufundi kwa Waafrika. Tusijidanganye kwamba zilikuwa sawa. Ya kwanza iliandaa mabwana, ya pili iliandaa mikono ambayo koloni liliihitaji. Hata hivyo ni ile ya pili iliyokaribia zaidi karakana za Valdocco, na kazi hiyo ikaota mizizi Kafubu, nje kidogo ya mji. Mwaka 1925 Roma iliwapa Wasalesiani eneo lao la utume upande wa Sakania, wakatengana na Wabenedikto waliosimamia Katanga. Masista wao walifika mwaka 1926. Padri Sak aliongoza eneo hilo, baadaye akiwa askofu, hadi kufa kwake mwaka 1946. Wakati huohuo, tarehe 1 Aprili 1934, Papa Pius XI alikuwa amemtangaza Don Bosco mtakatifu.

Baada ya uhuru ile shule ya wavulana wa Kizungu ikawa chuo cha Wakongo, na tangu enzi za Mobutu kinaitwa Imara. Kimetoa wasomi wengi, na wazazi bado wanakigombania. Lakini mtihani mgumu ulikuja na anguko la Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière. Kampuni iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba akikosa mshahara, mtoto hukosa shule. Wengine waliitwa wachawi na ndugu zao wenyewe, wakaishia sokoni na kwenye vituo vya magari.

Ni hapo Wasalesiani wa Lubumbashi walipomrudia mwanzilishi wao. Kazi yao kwa watoto wa barabarani wameiita kwa jina la Mama Marguerite. Kituo cha kuwapokea kinaitwa Bakanja, kwa heshima ya Mwenyeheri Isidore Bakanja, kibarua wa ujenzi aliyekufa mwaka 1909 kwa viboko vya msimamizi wa shamba mkoani Équateur. Nyumba nyingine ina jina la Michele Magone, mvulana yatima wa baba ambaye Don Bosco alimkuta kwenye stesheni ya reli ya Carmagnola mwaka 1857, akiongoza genge la wenzake. Wengine walipomwona padri walitawanyika. Magone alibaki, mikono kiunoni, akitaka kujua ni nani huyu anayewaharibia mchezo.

Mwaka 2010 Msalesiani, Jean-Pierre Tafunga, alikalia kiti cha askofu mkuu wa Lubumbashi, kiti ambacho hapo mwanzo kilikuwa cha Wabenedikto, akakishika hadi kufa kwake mwaka 2021. Hiyo ni heshima kubwa kwa shirika. Lakini anayetaka kumjua Don Bosco katika mji huu asianzie kanisa kuu, wala Imara. Aanzie Bakanja.