Manamba Wasio na Namba

Historia ya mkonge wa Korogwe tumezoea kuihesabu kwa miaka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. 62 tu ilifika ikiwa hai. Wakaja manamba kutoka Kigoma, Songea na Msumbiji, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU ya kuwaandikisha. Mwaka 1964 zilivunwa zaidi ya tani 200,000. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Sisi wa Handeni, tuliosikia habari hizo kwa wajomba waliokwenda kukata mkonge, huishia hapo.

Mimi naona wapo vibarua waliosahauliwa. Katika unyevu unaozunguka chembe za udongo huishi nematodi, minyoo ambao wengi wao hawafiki urefu wa milimita mbili. Baadhi hutoboa mizizi, na hao ndio waliopaka matope jina la ukoo mzima. Lakini wengine hula bakteria. Bakteria huozesha majani na kujiwekea naitrojeni mwilini, mmea usiifikie. Nematodi akiwala hupata naitrojeni kuliko anayoihitaji. Iliyozidi huitoa, na mizizi huipokea. Ukame ukija, kama ujavyo kwetu Handeni, wako wanaokauka na kulala hadi mvua irudi.

Mmoja wa ukoo huo alielezwa na Émile Maupas huko Algiers mwaka 1900. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alimfanya mnyama wa maabara, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Kibarua huyu naye lazima ale. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Mabaki, kwa miaka mingi, korona ziliyatupa badala ya kuyarudisha shambani. Singa zilikwenda Ulaya, na rutuba ikaondoka shambani. Bakteria wakikosa chakula, nematodi nao hukosa, na mmea hukosa pamoja nao.

Wazee wetu wa Kizigua walilipumzisha shamba, vichaka vikaota na majani yakaanguka. Hawakuwajua vibarua hawa kwa jina, ila waliwaachia posho. Leo ardhi imebana na mapumziko yamefupika. Basi, ndugu msomaji, usiyeweza kulilaza shamba, angalau usichome mabua.