Ngoro ina pande ngapi?

Wadau, leo nina swali la shule ya msingi. Mraba mmoja una pande nne. Je, miraba tisa iliyoshikana, mitatu kwa mitatu, ina pande ngapi? Kama umejibu 36, twende Mbinga kwanza.

Sisi waandishi tukisikia Mbinga tunakimbilia bei ya kahawa. Lakini ukiitazama miteremko ya Umatengo kwa mbali, utadhani mtu ametandika wavu mkubwa mlima mzima. Hizo ndizo ngoro: mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta pande zote nne.

Historia yake ni ya watu waliobanwa. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia kutoka kusini, na Wamatengo wengi wakajikusanya milimani, sehemu kama Litembo. Watu wengi, ardhi kidogo, tena ya mwinamo mkali. Ukilima ovyo pale, mvua inaushusha udongo wote bondeni. Wanahistoria wanaihusisha ngoro na msongamano huo.

Kazi inaanza mvua zikikaribia kuisha, mwezi wa tatu hivi. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana. Wanawake wanafuata na majembe: wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule. Nyasi zinaozea ndani ya tuta na kuwa mbolea. Juu yake wanapanda maharage, na msimu wa mvua unaofuata, mahindi. Maji yanatuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo.

Haya, turudi kwenye swali. Jibu ni 24, maana kila tuta la ndani ni la mashimo mawili. Hesabu na makutano ya matuta: 16. Sasa 16 toa 24, jumlisha mashimo 9, unapata 1. Jaribu mashimo manne: makutano 9, toa matuta 12, jumlisha 4. Ni 1 tena! Shimo lenyewe, ukihesabu na mdomo wake, lina nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8. Ukifanya 8 toa 12 jumlisha 6, unapata 2, kama mchemraba. Mswisi Leonhard Euler alichapisha kanuni hiyo ya maumbo mango mwaka 1758.

Kwangu mimi, utamu uko kwenye yale matuta 12 yaliyopungua kutoka 36. Ni jasho lililookolewa kwa kushirikiana ukingo.

Hata wakoloni waliliona hili. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu Wamatengo na hifadhi ya udongo. Lakini serikali hiyo hiyo ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi miaka ya 1950, iliambulia vurugu za 1955. Umbo zuri halitoshi. Lazima liwe la mwenye shamba.

Mimi nyuso na kingo nilifundishwa kwa boksi la chaki. Mtoto wa Mbinga anapita katikati ya somo zima akienda shule, na waliolichimba ni mama na bibi yake. Kwa nini tusianzie hapo? Wadau, mnasemaje?