Safari, Kumbukumbu na Afya ya Akili: Hoja kutoka Ghuba ya Mnazi

Tafiti nyingi kuhusu safari na afya ya akili zina msafiri wao kipenzi: mtu mwenye likizo, tiketi ya kurudi na kitanda kinachomngoja nyumbani. Hata kwake, faida ni ndogo kuliko wenye hoteli wanavyotangaza. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake, waliochunguza Waholanzi 1,530, walionyesha kuwa waendao likizo huwazidi wenzao furaha kabla ya kuondoka. Wakisharudi, tofauti hiyo hutoweka, isipokuwa kwa wale waliopumzika hasa.

Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara, inadai swali jingine. Hifadhi ya bahari iliyotangazwa hapa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 hivi, inajumuisha ghuba, rasi ya Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma. Mgeni anayetoka mjini hupambana na mchanga unaonasa magari, akafika Ruvula kuogelea juu ya matumbawe. Maji yakipwa, huwaona wanawake wakichokoa pweza miambani. Ataondoka na picha, na pengine na utulivu wa wiki mbili tatu.

Kusini ya hapo mto ndio mpaka. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu waliuvuka kuja Tanzania. Mji wa Palma, upande wa Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia tena upande huu, na mwaka huohuo UNHCR iliripoti kuwa maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia kivuko cha mpakani cha Negomano. Pwani ni moja, kusi na kaskazi ni zilezile. Kwa hiyo mandhari, ambayo maandiko ya utalii huipa sifa zote za kuponya, haielezi mengi. Nadai kuwa kinachoamua zaidi ni nani mwenye kauli juu ya kuondoka na kurudi.

Kumbukumbu nayo inahusika hapa. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, katika jaribio la mwaka 1993, waliwatia watu mikono katika maji baridi. Wengi walikubali kurudia zamu iliyokuwa ndefu zaidi, kwa kuwa tu mwishoni baridi ilipungua kidogo. Kumbukumbu, walihitimisha, hushika kilele na mwisho wa tukio kuliko urefu wake. Ni hoja nzuri, ila inachukulia kwamba tukio lina mwisho. Aliyevuka mto, akarudishwa, akavuka tena, mwisho wake ni upi?

Mtu atapinga: mbona wachongaji wa Kimakonde hawakuvunjika? Hao nao walisukumwa kutoka uwanda wa Mueda na umaskini na kazi ya shuruti ya Wareno, wakaja kukata mkonge Tanganyika. Miongoni mwao alitoka Samaki Likankoa, mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. Pingamizi hili lina uzito, lakini tutazame walichokuwa nacho: ndugu pande zote mbili za mto, lugha yao, ujira hata kama mdogo, na ruhusa ya kukaa. Hiari, basi, ina viwango, na hata kiwango kidogo huleta tofauti.

Tiba nayo inafundisha hivyo. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafunza wakimbizi wa kawaida kuwasaidia wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, kusimulia maisha tangu utotoni hadi leo, kila tukio la kutisha likipewa mahali pake na wakati wake. Matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha dalili za kiwewe zikipungua. Mtwara hilo linawezekana bila daktari bingwa, akipatikana mtu ajuaye Kimakonde au Kimwani. Sharti gumu ni jingine: anayehofia kurudishwa kesho ataiwekaje hofu hiyo miongoni mwa mambo yaliyopita? Na watafiti wasiishie kwa wavukaji. Kwa mkazi wa Kitaya, kijiji cha upande wa Tanzania kilichoshambuliwa Oktoba 2020, hata njia ya kwenda shambani kando ya mto inastahili kuingizwa katika dodoso lao la safari.