Chumvichumvi na Udongo wa Kilosa

Ubwana shamba nimeufanya kati ya Kimamba na Ruhembe, wilayani Kilosa, mpaka nikastaafu, na kila msimu nilipokea lawama ile ile: chumvichumvi, yaani mbolea ya dukani, imeua shamba. Wazee wanaosema hivyo siwakatalii. Nawauliza tu, kabla ya mbolea ya dukani shamba lilikuwa likila nini?

Reli ya kati ilifika Kilosa enzi za Mjerumani, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Mkonge hufyonza chokaa nyingi ardhini. Jani likipita kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, singa inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yaliyobaki, chokaa ikiwemo, yalisukumwa na maji mtaroni yakaenda zake. Mashamba yalichoshwa hivyo kabla ya mkulima wa kawaida kuuona mfuko wa mbolea.

Kwa Wasagara na Wavidunda milimani, shamba likichoka liliachwa liote pori na familia ikafyeka kwingine. Kisha mwaka 1964 Hifadhi ya Mikumi ikawekewa mipaka, na kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji ikazikusanya kaya pamoja. Mwenye ekari tatu kijijini atahamia wapi? Akalima mahindi pale pale mwaka hadi mwaka, na mabua akayachoma ili shamba liwe safi. Lile pumziko ndilo lililokuwa mbolea yake, na halikuandikwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Pengo likazibwa kwa SA, mbolea ya salfeti ya amonia. Kiwanda cha Tanga kilianza kazi 1972, ruzuku ikawekwa, na mahindi yakawa ya kijani ndani ya wiki. Lakini SA huacha uchachu: kilo 100 zake zinahitaji takriban kilo 110 za chokaa kuufuta. Jambo hilo halikuwa siri. Huko Woburn, Uingereza, majaribio yalianza 1876, na shayiri iliyopewa chumvi za amonia mfululizo ilikuwa imegoma kabla karne ile haijaisha. Sisi tuligawa SA. Chokaa hatukuigawa.

Ruhembe, kwa wakulima wa miwa walio nje ya shamba la kiwanda, niliwahi kupiga jembe kwenye shamba lililopewa yurea kila baada ya mavuno. Lilitoka bonge gumu, mizizi imejikunja juu juu, nyungunyungu hata mmoja hakuna. Hatua chache pembeni, chini ya mwembe wa mpakani, udongo ule ule ulivunjika vidoleni kama mkate wa jana.

"Umeona, bwana shamba? Chumvichumvi hiyo."

"Nimeona, mzee wangu. Na moto je?"

Alicheka, maana miwa huchomwa kabla ya kukatwa, na majani ambayo yangeoza pale yote huishia kuwa moshi. Yurea nayo huchachusha udongo, simtetei mtu. Ila shamba lisilorudishiwa hata jani, ukilinyima yurea halitapona kwa hilo pekee.

Vocha za pembejeo zilipoanza msimu wa 2008/09, nafasi ilikuwepo. Badala ya DAP, mbolea ya fosfeti ya dukani, mtu aliweza kuchukua Minjingu, fosfeti ya mwamba kutoka Manyara, ambayo ina chokaa ndani yake na hufaa zaidi kwenye udongo mchachu. Wengi waliikwepa. Ilikuwa vumbi tupu, upepo unaipeperusha, na jani halionyeshi kitu haraka. Kwa macho ya mkulima aliyezoea SA, hiyo haikuwa mbolea.

Samadi ipo, imelundikana kwenye maboma ya Wamasai Twatwatwa, umbali wa safari moja ya trekta kutoka Kimamba. Lakini tangu mapigano ya wakulima na wafugaji huko Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, yaliyoua watu 38, huwezi kutuma trela tu. Anatangulia mtu anayeaminiwa pande zote mbili. Yanazungumzwa kwanza mabua, ng'ombe wataingia lini na watatoka lini, na bei ya samadi hupangwa mwisho kabisa.